Usahili wa simu na lugha ya mtumiaji

Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilifuta mapambo mengi katika programu ya iPhone: mbao za rafu ya vitabu, hata mipaka ya vitufe. Hoja ilikuwa kwamba watu wamekwisha kuzoea kugusa kioo, hawahitaji tena picha ya kitufe. Machi 2014 ikaongeza mpangilio wa kurudisha maumbo ya vitufe kwa anayeyataka. Si kila jicho lilikuwa limezoea.

Kampala ina usahili wa aina nyingine. Anayetuma pesa kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel haoni mchoro wowote. Anaona orodha yenye namba, naye hujibu kwa namba. Usahili huu haukuzaliwa na falsafa bali na ufinyu: ujumbe mmoja wa mfumo huo hauzidi herufi 182, na mtu akichelewa kujibu, mawasiliano hukatika. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ni usahili mnyofu zaidi. Simujanja huweza kuficha mambo kumi nyuma ya vistari vitatu. Orodha ya namba hutaja mambo kwa maneno, hata katika simu ndogo ya tochi isiyo na intaneti.

Lakini ni maneno ya lugha gani? Asiyelielewa neno moja hana mchoro wa kumwokoa. Anaweza kuishia kumkabidhi wakala simu yake, na pamoja nayo namba ya siri. Tanzania orodha ya M-Pesa husomeka kwa Kiswahili, na Kenya mteja anaweza kukichagua. Hapa Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, kwa hiyo kudai orodha ya Kiswahili si kuomba fadhila.

Kazi yenyewe si nyepesi. Dar es Salaam husema "toa pesa" kwa maana ya kuchukua fedha kwa wakala, ingawa kutoa ni pia kumpa mtu. Mkongomani anayeishi Kampala husema "kutosha" kwa tendo hilo hilo, neno ambalo kwa Mtanzania lina maana ya kutopungua. Mbunifu mwenye herufi 182 hawezi kuyaeleza yote mawili. Itabidi achague, na kabla ya kuchagua aketi na watu wa Katwe na Nsambya, simu zao zikiwa mkononi.