Daftari za Mengo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali, na historia ya Hospitali ya Mengo, katika mji wa Kampala, yatuthibitishia jambo hilo.

Mwezi wa Februari mwaka 1897 Dr Albert Cook wa misheni ya C.M.S. aliwasili Mengo kutoka pwani, pamoja na msafara wa wapagazi. Katika msafara huo alikuwamo mwuguzi Katharine Timpson, ambaye alimwoa mwaka 1900. Majengo yao ya kwanza yaliezekwa kwa nyasi. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, ikateketea kwa moto. Walakini kazi haikukoma, ikajengwa nyingine.

Tangu siku za mwanzo Daktari alikuwa na desturi moja: kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa habari zake, yaani ugonjwa wake na mwisho wake. Mwaka 1901 yeye na ndugu yake, Dr J. H. Cook, waliyatambua maradhi ya malale miongoni mwa wagonjwa wao. Maradhi hayo yaliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria.

Dr Cook alifariki mwaka 1951, lakini daftari zake zilibaki. Mwaka 1958 Dr Denis Burkitt, wa Hospitali ya Mulago papo hapo Kampala, alitangaza habari za uvimbe wa saratani katika mataya ya watoto. Je, ulikuwa ugonjwa mpya? Waganga walizifungua karatasi za Mengo, na mwaka 1964 wakatangaza waliyoyaona: watoto wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa wameletwa hospitalini hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wino wa miaka hamsini ulijibu swali ambalo mwandishi wake hakuulizwa kamwe.

Basi, ndugu karani uketiye penye dirisha la zahanati, usichoke ukaandika "homa" kwa kila ajaye. Nawe mkulima, kadi ya mwanao usiifanye karatasi ya kufungia ugoro. Iweke sandukuni pamoja na hati ya shamba. Siku mtoto atakapozidiwa usiku, mganga asiyemjua atauliza amechanjwa nini na alipewa dawa gani. Na mama mwenye hofu hakumbuki yote.