Walinzi Wadogo wa Hewa ya Msitu

Nani kati yenu hajaona juu ya gome la mti wa kale madoa ya kijivu na ya kijani, kama viraka juu ya nguo? Katika misitu ya milima ya Ruwenzori na Virunga, ndugu zao waning'inia matawini kama ndevu za wazee. Wenye elimu huviita likeni. Likeni nyingi ni nyumba ya viumbe viwili: kuvu, ishikayo gome na kutunza maji, na mwani mdogo sana, upikao chakula kwa mwanga wa jua.

Likeni haina mizizi. Hunywa mvua, umande na ukungu, wala haina ngozi ngumu kama ya jani iwezayo kuzuia sumu. Kwa hiyo moshi wenye kiberiti, utokao katika makaa ya mawe na matanuru ya madini, huiingia upesi na kuidhuru. Zile za ndevu hufa kwanza. Zile zilizolala bapa juu ya gome hukawia.

Mwaka 1866 mtaalamu William Nylander aliona kwamba bustani ya Luxembourg, mjini Paris, ilikuwa na likeni nyingi, ambazo sehemu nyingine za mji hazikuwa nazo. Akafahamu kwamba zapima usafi wa hewa. Moshi ulipozidi, nazo zikatoweka bustanini.

Kwetu Kongo, tanuru la shaba liliwashwa Lubumbashi mwaka 1911. Upepo wa kusini-mashariki ulichukua moshi kwa miaka mingi hata upande wa kaskazini-magharibi. Huko miti ikafa, udongo ukabaki uchi. Mti mkubwa ukiisha kufa, kila mtu aona. Likeni husema mapema, ungali wakati wa kuokoa msitu.

Basi ninyi wanafunzi, chagueni miti 10 karibu na barabara au kiwanda, na 10 ya aina ile ile mbali msituni. Tazameni magome kwenye kimo cha kifua, hesabuni aina za likeni, andikeni daftarini, mkarudi mwaka ujao. Msihukumu kwa haraka, maana ukame na mioto ya nyasi pia huziua. Lakini tofauti ikidumu, wapelekeeni habari wenye vyombo vya kupimia. Hewa iuayo likeni ndiyo avutayo mtoto aliyelala nyumbani.