Nimeshashuka kwenye bajaji, programu bado inanifuata



Nina dukuduku kuhusu programu ya simu ya kuitia bajaji na bodaboda inayotumiwa na wakazi wengi wa Dar es Salaam. Jina la kampuni nimeliandika kwenye malalamiko yangu rasmi, hapa sitalitaja.

Sina ugomvi na programu kujua nilipo ninapoita usafiri. Huku kwetu Tabata vichochoro vingi havina majina, na dereva hawezi kunifikia asipoona nimesimama wapi. Ninacholalamikia ni kinachoendelea nikishalipa nauli na kushuka. Tangu toleo jipya lilipotoka, programu inadai ruhusa ya kusoma mahali nilipo muda wote, hata nikiwa nimeifunga. Simu za Android zina chaguo, tangu mwaka 2019, la kuiruhusu programu isome mahali ulipo pale tu unapoitumia. Nikichagua hilo, programu hii inagoma kuita usafiri.

Niliiomba kampuni nakala ya taarifa zangu. Baada ya kusumbuana sana nikaletewa jedwali refu la tarehe, saa na mahali. Saa tisa usiku, nimelala, nimo. Siku niliyokwenda kliniki nimo, na kliniki nilikwenda kwa daladala. Jumapili kanisani nimo, na kanisani natembea kwa miguu. Mstari wa nyumba yangu umeandikwa "Nyumbani" na wa shule ya mwanangu "Shuleni", ilhali sikuwahi kuwaambia naishi wapi wala mtoto anasoma wapi. Programu imeng'amua yenyewe kwa kufuatilia ninapolala na ninapopita kila asubuhi.

Nilipouliza haya yote ni ya nini, mhudumu alinijibu kwamba ni kwa ajili ya kuboresha huduma. Jibu hilo silikubali. Safari ya kliniki haikuwa yao. Na jedwali kama lile likiangukia mikononi mwa mtu mbaya, mathalani mwanamume anayemwinda mke aliyemkimbia kwa sababu ya kipigo, litamfikisha mpaka mlangoni na kumwonyesha saa ya kumkuta.

Katiba yetu, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi, zisizidi kinachohitajika kwa lengo hilo, na zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Lengo hapa ni kunitoa mahali hadi mahali. Lengo hilo huisha ninaposhuka.

Wala asituambie mtu kwamba biashara hii haiwezekani bila kutufuatilia. Mwishoni mwa 2016 Uber ilianza kufuatilia abiria hadi dakika tano baada ya safari kwisha. Watu walipiga kelele, na Agosti 2017 kampuni ikatangaza kuachana na utaratibu huo. Zilikuwa dakika tano tu. Sisi tunafuatwa usiku kucha.

Naiomba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi isisubiri malalamiko ya mmoja mmoja. Izikague programu zote za usafiri nchini, ione zinakusanya nini, zinahifadhi kwa muda gani na ni nani ndani ya kampuni anayeruhusiwa kufungua majedwali hayo. Kampuni nayo iturudishie chaguo la kuonekana tukiwa safarini tu, na ifute yale yote iliyokusanya nje ya safari.

Wasomaji wenzangu, fungueni mipangilio ya simu zenu, mwingie kwenye ruhusa za mahali, mtazame ni programu zipi zimeruhusiwa muda wote. Kisha iandikieni kampuni husika kudai nakala ya taarifa zenu. Ni haki yenu kisheria, na wakikataa pelekeni malalamiko kwenye Tume.

Mama wa Tabata (jina limehifadhiwa),
Dar es Salaam