Baba mdogo, dhahabu inashika!

Niliadimika kidogo, zamu za usiku zimenibana. Leo nimekuja na ugomvi, na baba mdogo akisoma asinune.

Juzi kwenye simu alinirudishia somo la zamani: "Dhahabu haishikani na kitu, ndiyo maana haipati kutu." Shikamoo baba, lakini hapo nakupinga. Bangili haishikani na kitu, sawa. Atomu ya dhahabu iliyopungukiwa elektroni ni habari nyingine, hiyo ina njaa.

Mfano ninaushika kila usiku: mirija ya dripu. Mingi ni plastiki ya PVC. Kule China sehemu kubwa ya plastiki hiyo huanzia kwenye gesi ya asetilini, na kichocheo cha miaka yote kilikuwa zebaki. Mwaka 1985 mkemia Graham Hutchings, akiwa Johannesburg, alionyesha kwamba dhahabu ingefaa zaidi. Sasa viwanda vimeanza kuitumia.

Kwa kifupi ni hivi. Kaboni mbili za asetilini zimeshikana mara tatu. Dhahabu inavuta elektroni zao, kaboni inabaki na upungufu, klorini inaingia. Kwa kitambo kidogo dhahabu yenyewe imeungana na kaboni! Kisha haidrojeni inachukua nafasi yake, dhahabu inaachia na kwenda kwa molekuli nyingine. Inashika, lakini haing'ang'anii.

Anayeng'ang'ania ni zebaki. Ikiingia mwilini inakamata salfa ya protini zetu, na ubongo na figo vinaumia.

Sasa oneni aibu yetu: wenzetu wanatumia dhahabu ili waachane na zebaki, sisi tunatumia zebaki ili tupate dhahabu! Wadogo zangu mlioko Geita, mnachoma ule mchanganyiko nyuma ya jiko, mvuke wanauvuta wajawazito na watoto. Msiniambie "tumezoea". Sumu haizoeleki. Kama leo hamna njia nyingine, tumieni retoti ya kukamata mvuke, tena mbali na nyumba.

Na wewe baba mdogo, mwalimu wangu, ifute ile sentensi ubaoni. Mtoto akifundishwa kwamba metali zinashika, na kwamba nyingine haziachii, ataukimbia ule mvuke bila kuambiwa na nesi aliyeko Uingereza.

Nawasilisha. Atakayebisha abishe, mimi naenda kulala, kumekucha huku.