Ndege Haichelewi, Inacheleweshwa

Kuna sentensi moja ya Kiswahili ambayo leo nataka kuishitaki mbele yenu. Mmeisikia wote mliowahi kukaa kwenye ukumbi wa kuondokea, na hata msiowahi kupanda ndege mmekutana nayo benki, stendi, ofisi ya maji. Inasema: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Isomeni kama mnavyosoma ubeti. Utakaojitokeza. Yaani usumbufu utatokea wenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Hakuna aliyeuleta. Halafu "wowote", maana yake hata ukiwepo, wao hawaujui. Ukisogea kaunta kuuliza, unaongezewa kwamba safari imeahirishwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Imeahirishwa na nani? Kimya. Kauli ya kutendwa imeshafanya kazi yake, mtenda katoweka, na wewe umebaki na begi lako na chupa ya maji.

Najua yupo atakayesema hapa ni mahali pa fasihi, mambo ya ndege tuwapelekee wanasheria. Sikubali. Wanasheria wataingia baadaye. Kwanza wanatakiwa watu wa kuuliza mtenda wa sentensi yuko wapi, na hao ndio sisi. Tunaweza kubishana wiki nzima juu ya jazanda moja, halafu tunasomewa sentensi isiyo na mtenda kwa kipaza sauti, tunaitikia "haya, sawa" na kurudi kwenye simu zetu. Uhakiki gani huo unaoishia kwenye jalada la kitabu?

Hoja yangu naiweka mapema ili asiyeitaka aondoke. Hatudai fidia ya muda wetu kwa sababu tumekubali kuusimulia muda huo kwa sarufi ya mdaiwa. Tunasema "ndege imechelewa". Ndege ni chuma, haina saa wala miadi. Kiswahili, lugha tajiri kuliko tunavyoitumia, kinatupa kuchelewa, kuchelewesha na kucheleweshwa. Anayesema "ndege imechelewa" anatoa habari. Anayesema "nimecheleweshwa" ameshaanza kudai, maana msikilizaji yeyote atauliza: na nani?

Mimi ni mtu wa Masumbwe, wilaya ya Mbogwe. Kabla Mkoa wa Geita haujaanzishwa mwaka 2012 tulihesabiwa Shinyanga, na wazee wengine mpaka leo ukiwauliza wanakotoka watakwambia Shinyanga. Kwetu neno fidia halihitaji kamusi. Tumezungukwa na dhahabu, na pale mgodi unapotaka eneo au barabara inapopanuliwa, anakuja mthamini na daftari lake. Bibi ambaye hajakaa darasani hata siku moja atakueleza kwamba mwembe unaozaa na mche wa mwembe havilipwi sawa, na kwamba kaburi nalo lina hesabu yake.

Bibi huyo ana sheria nyuma yake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni zilizofuata mwaka 2001 zikaorodhesha vya kulipwa: thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usafiri, posho ya makazi, faida iliyopotea, na kitu kinaitwa posho ya usumbufu. Posho hiyo hukokotolewa kwa kutumia thamani ya ardhi na riba ya amana za benki. Mnaona? Ni usumbufu ule ule. Kwenye ardhi ni mstari wenye tarakimu, kwenye ndege ni neno la adabu.

Sisemi fidia ya ardhi inalipwa vizuri. Ukanda wetu una watu wameisubiri mpaka wamezeeka. Lakini hata anayezungushwa kwenye ardhi anajua anachodai kinaitwaje, na anajua kimeandikwa. Abiria hajui hata jina la anachokidai, kwa hiyo anadai "pole", na pole anapewa, tena kwa Kiswahili na Kiingereza.

Na msiniambie kulipa muda ni jambo la kizungu. Neno lenyewe fidia limetufikia kutoka Kiarabu, na Waislamu wanaijua fidia ya funga: mzee au mgonjwa asiyeweza kabisa kufunga hulisha maskini kwa kila siku ya Ramadhani iliyompita. Kwa kila siku, jamani. Siku inahesabiwa na inalipiwa kwa chakula. Na huku kwenye machimbo, mwenye karasha atakutajia bila kufikiri saa moja ya mashine kusimama inamgharimu shilingi ngapi. Kwa hiyo tunajua muda una bei. Tukifika uwanja wa ndege ndipo tunajifanya hatujui.

Shangazi yangu alikuwa na miadi ya daktari wa macho Dar es Salaam, saa nane mchana, miadi aliyoisubiri tangu mvua za kwanza. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Tulitoka Masumbwe kwa basi siku moja kabla, tukapita Kahama na Shinyanga, tukalala gesti Mwanza ili tusiikose ndege ya saa mbili asubuhi. Safari yenyewe ni kama saa moja na nusu hivi angani. Tuliondoka saa kumi alasiri. Katika saa nane hizo tulipewa matangazo manne na soda moja. Sababu tuliyotajiwa ni "za kiufundi". Miadi ikapita, na nyingine ikapatikana baada ya wiki tano. Shangazi aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa mwanangu, hawa nao wana mthamini?"

Niliandika barua. Shirika silitaji jina, maana ugomvi wangu ni na desturi nzima. Jibu la kwanza lilikuwa sentensi ile ile, safari hii kwenye karatasi yenye nembo. Nikaandika ya pili, nikaorodhesha: gesti ya Dar tuliyolala bila kupanga, teksi, chakula, nauli ya kurudi wiki tano baadaye, na mwisho nikaweka mstari: siku moja ya mgonjwa. Baada ya miezi miwili walilipa vyenye risiti, isipokuwa nauli. Mstari wa mwisho hawakuugusa. Siku haina risiti.

Hapo ndipo palipo na ugomvi wenyewe. Ulaya walishagombana juu ya jambo hili wakalimaliza. Kanuni Na. 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Februari 2005, inaweka euro 250, 400 au 600 kwa abiria, kulingana na umbali, bila kumtaka athibitishe hasara. Mwanzoni ililipa hivyo kwa safari iliyofutwa na kwa aliyezuiliwa kupanda. Mashirika yakagundua ujanja: usiifute ndege, ichelewe tu. Novemba 2009, katika kesi ya Sturgeon, mahakama ya Ulaya ikasema aliyefika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi amepoteza muda sawa na aliyefutiwa safari, naye alipwe. Mwaka mmoja kabla, katika kesi ya Wallentin-Hermann, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshasema kwamba hitilafu ya kiufundi kwa kawaida haimwokoi mwenye ndege, kwa kuwa kutengeneza ndege ni sehemu ya kazi yake. "Sababu za kiufundi" zikavuliwa nguo mchana kweupe.

Matokeo yake ni kichekesho kinachotuhusu. Mtanzania anayepanda ndege Amsterdam kuja Kilimanjaro, awe na shirika lolote lile, akicheleweshwa saa tano kwa uzembe ana euro 600 zake. Akiondoka Kilimanjaro kurudi na shirika lisilo la Ulaya, kanuni hiyo haimjui. Ni mtu yule yule, na mgongo unauma vile vile. Kilichobadilika ni karatasi aliyosimama juu yake.

Sisi karatasi hatukosi kabisa. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za kimataifa. Ibara ya 19 inambebesha msafirishaji hasara itokanayo na ucheleweshaji, mpaka athibitishe kwamba alichukua hatua zote zilizostahili. Kikomo chake kwa abiria, tangu Desemba 2024, ni 6,303 za kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kiitwacho SDR, ambazo ni zaidi ya dola 8,000. Una miaka miwili ya kufungua madai. Lakini Montreal inataka uthibitishe hasara, yaani tumerudi kwenye risiti. Na ukiwa na lalamiko hapa nyumbani, mlolongo upo: unaanza na shirika, kwa maandishi, usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo sheria yake iliweka pia baraza la kumsemea mtumiaji wa huduma, na uamuzi wa Mamlaka unaweza kukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Milango ipo. Anayeijua ni nani, wakati kipaza sauti hakijawahi kuitaja?

Sasa pingamizi, maana nazisikia.

La kwanza: ndege ni ya wenye nazo, tuhangaikie mabasi. Shangazi yangu anafuga mbuzi. Alichangiwa nauli na ukoo mzima. Aliyechangiwa ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hana nauli ya pili.

La pili: mashirika yetu ni machanga, tukiyadai yatakufa. Basi mzigo wa uchanga wao aubebe nani, mgonjwa wa macho? Mwenye ndege anaweza kuweka gharama hiyo kwenye hesabu zake kama anavyoweka mafuta. Mgonjwa hana pa kuiweka.

La tatu: usalama kwanza. Nakubali kabisa. Radi na ukungu sivitakii bili, na rubani akisema haruki, asiruke. Ninachodai ni bei ya ratiba inayouzwa huku muuzaji akijua hana ndege ya akiba.

La nne ndilo linaloniudhi, maana linavaa nguo za hekima: haraka haraka haina baraka, subira yavuta heri. Methali hizi zilitungwa kumtuliza mwenye pupa. Leo zinatumika kumlinda mwenye deni.

La tano: barua haifui dafu mbele ya ndege. Kumbukeni Agosti 2019, ndege ya taifa aina ya Airbus ilipozuiliwa Johannesburg kwa amri ya mahakama iliyoombwa na mkulima Hermanus Steyn, mwenye madai ya mali zilizotaifishwa nchini mwetu miaka ya 1980. Mapema Septemba mahakama ikaiachia. Simtetei mkulima huyo. Nasema tu kwamba kwa siku kadhaa ndege ndiyo iliyomsubiri mtu, na kilichoisimamisha ni karatasi.

Wapenzi wa vitabu, mnaikumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert? Nchi iliyo angani. Karama anashitakiwa huko kwa kosa gani? Kutaka kuwafundisha watu sheria. Tumekisoma kitabu hicho shuleni, tukajibu maswali ya dhamira na wahusika, tukafaulu, tukaondoka. Kumbe swali lake limetusubiri kwenye viti vya chuma vya ukumbi wa kuondokea: wanaosafirishwa angani wakiijua sheria, nani atapata hasara?

Ninachotaka kinaandikika. Kanuni ile ya Ulaya inalazimisha tangazo liwekwe kaunta, lisomeke wazi, likimwambia abiria aliyecheleweshwa saa mbili aombe maandishi ya haki zake. Mimi sijaliona tangazo kama hilo kwa Kiswahili kwenye kaunta yoyote niliyosimama. Liwekwe. Liwe na jedwali la saa na shilingi, kwa safari za ndani pia, lisilotaka risiti ya siku, kama vile posho ya usumbufu wa ardhi isivyotaka risiti. Na sentensi zake ziwe na mtenda: "Tukikuchelewesha, tutakulipa." Silabi kumi na mbili tu. Mtunzi yeyote hapa anaweza kuisaidia serikali kuiandika.

Mpaka siku hiyo, ukicheleweshwa, andika. Taja namba ya safari, saa iliyo kwenye tiketi, saa mliyoruka, sababu uliyotajiwa na aliyeitaja, ulichotumia, na ulichokikosa. Piga picha ubao wa ratiba. Tunza kipande cha tiketi. Peleka nakala Mamlaka. Na katika sentensi ya kwanza usiandike kwamba ndege ilichelewa. Andika: mlinichelewesha.