Mgongo wa picha una habari

Zitoe albamu za zamani kabatini. Anza na picha za rangi, maana aghalabu hufifia upesi kuliko zile nyeusi na nyeupe. Iliyogandamana na gundi usiivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole. Vumbi lipanguse kwa brashi laini, maji hapana.

Kwenye skana, nukta 300 kwa inchi zatosha. Ukitaka kuikuza picha mara 2, weka 600. Kisha igeuze uuchukue mgongo pia. Wengi huusahau, ilhali ndiko kuliko na majina, tarehe na muhuri wa studio.

Isiyoandikwa kitu mpelekee nyanya, akutajie waliomo angali anawakumbuka.