Yatima wa Aleppo

Mwezi Mei mwaka 1174 alifariki mjini Dameski Nuruddin, mtawala wa Shamu wa ukoo wa Zangi. Kiti chake kilirithiwa na mwanawe Ismail, aliyepewa jina la enzi la Al-Malik as-Salih. Umri wake ulikuwa miaka 11 tu.

Msomaji mwenye mtoto wa umri huo anajua kwamba bado hukumbushwa kunawa mikono. Ismail alikuwa akigombewa na majemadari. Towashi Gumushtekin alimchukua hadi Aleppo, akajifanya mlezi wake. Salahuddin, aliyekuwa akitawala Misri kwa niaba ya Nuruddin, aliingia Dameski mwezi Oktoba, naye akatangaza kuwa amekuja kumlinda mwana wa marehemu bwana wake. Yatima mmoja, walezi tele, na kila mlezi ana jeshi!

Salahuddin alipouzingira mji wa Aleppo mwishoni mwa mwaka huo, Ismail alitoka mbele ya raia, akawasihi kwa machozi wakumbuke hisani ya baba yake, wasimtoe. Nao walilia, wakapigana, na mji haukutekwa. Mwaka 1175, baada ya kuwashinda watu wa Aleppo na Mosul karibu na Hama, Salahuddin alilifuta jina la kijana huyo katika hotuba za Ijumaa. Ulezi ukaishia hapo.

Amani ilipatikana mwaka 1176. Ndipo umbu lake Ismail, binti mdogo, alipopelekwa kwa Salahuddin. Alipokewa kwa heshima, akapewa zawadi, akaulizwa anataka nini zaidi. Akajibu: ngome ya Azaz. Bila shaka wakubwa walikuwa wamemfundisha la kusema. Salahuddin alikuwa ameiteka ngome hiyo majuzi tu, baada ya kuizingira zaidi ya mwezi mzima, lakini alimpa.

Desemba 1181 Ismail aliugua tumbo, hajatimiza miaka 20. Mwanahistoria Ibn al-Athir anasimulia kwamba matabibu walimwagiza anywe mvinyo kama dawa. Akataka kwanza fatwa, na mwanachuoni akamruhusu. Ismail akamwuliza: ikiwa Mungu amekwisha kuandika ajali yangu, je, mvinyo utaichelewesha? Akajibiwa, hapana. Akakataa kunywa.

Aliusia Aleppo apewe binamu yake Izzuddin wa Mosul, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na nguvu za kuulinda mji. Lakini Izzuddin aliubadilisha kwa Sinjar, mji wa nduguye. Mwezi Juni 1183 Salahuddin akautwaa.